Jenereta Isiyopiga Kelele

Siku Mteremko alipotumwa kupeleka vazi la jenereta, alikwenda shingo upande. Kwa maoni yake, mwanamume mwenye ulimi kama wake hakuumbwa kubeba vifurushi. Aliumbwa kuwabebesha wengine. Lakini dada yake, fundi cherehani aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na ambaye mpaka leo alikuwa akimlaza katika chumba cha nyuma ya duka lake, hakuwa mtu wa kujadiliana naye. Alimtia kifurushi mkononi, akamwelekeza nyumba, akarudi kwenye cherehani yake bila kumtazama.

“Dada, umesema vazi la nini?”

“La jenereta.”

“Siku hizi jenereta huvaa?”

“Ya Mwenyekiti huvaa. Mahameli ya buluu, vishada vya rangi ya dhahabu. Nenda kabla hawajamaliza kunywa chai.”

Nyumba ya Mwenyekiti ilikuwa kubwa, na geti lake lilikuwa limening'inia kwa bawaba moja. Mahali pa bawaba ya pili palikuwa pamefungwa kipande cha waya. Kengele ya mlangoni ilikuwa imetoa nyaya nje. Bomba la bustanini lilidondosha maji tone baada ya tone, na chini yake mtu mwenye busara alikuwa ameweka ndoo. Mteremko aliyapita hayo yote, akafika barazani, na hapo akakikuta Chama cha Mafundi wa Hiari kikiwa kwenye mkutano wake.

Hapana budi kueleza chama hicho kilikuwa cha namna gani. Kilikuwa na wanachama watatu: Mwenyekiti mwenyewe, aliyestaafu ukuu wa ofisi moja yenye mihuri mingi, Daktari wa Meno, na Wakili. Kila Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, walikutana ili kuonyeshana vifaa vya ufundi walivyonunua. Kifaa kilikuja ndani ya boksi lake, nalo boksi likaja ndani ya vazi lake. Mwenye mali alilivua vazi polepole. Wenzake waliukagua utepe wa gundi uliolifunga boksi kwa juu, na ulipothibitika kuwa haujaguswa, maandishi ya ubavuni yalisomwa kwa sauti, wote wakiwa wamesimama. Kisha walikaa, wakanywa chai, wakaulizana kama duniani kuna kifaa chenye nguvu zaidi ya hicho. Habari ya kulifungua boksi haikutajwa. Zamani chama kilikuwa na mwanachama wa nne, lakini siku moja alionekana akikaza kitasa cha mlango wake kwa bisibisi aliyoileta mkutanoni wiki iliyotangulia, na tangu siku hiyo hakualikwa tena.

Alasiri hiyo ilikuwa zamu ya Wakili, ambaye alikuwa amenunua msumeno wa umeme. Daktari alikuwa na keekee yake ya umeme ya kutobolea matundu, aliyoinunua mwezi uliopita, na mezani pa heshima lilisimama boksi la jenereta ya Mwenyekiti, likiwa uchi, likisubiri vazi lake jipya.

“Subirini kidogo,” Mwenyekiti alisema, akiinua mkono. Kutoka nyuma ya ukuta wa uani ulisikika mngurumo, kisha kama kikohozi, kisha mngurumo tena. “Jirani huyo na jenereta yake. Kila siku ni hivyo hivyo. Bidhaa hafifu, mnaisikia inavyopaliwa? Yangu mimi, siku nikiiwasha, hamtaisikia.”

“Utaiwasha lini, Mzee?” Mteremko aliuliza, akimkabidhi kifurushi.

Wazee watatu waligeuka kwa pamoja. Ungedhani ameuliza umri wa bibi harusi mbele ya wakwe.

“Kuiwasha?” Wakili alisema. “Kijana, hiki ni kifaa, si kibiriti.”

Hapo ndipo Mteremko alipoona. Hakuona jenereta, wala keekee, wala msumeno. Aliona maboksi matatu yaliyofungwa, mali ya watu watatu wasiokusudia kuyafungua maishani mwao, akaelewa kwamba ndani ya maboksi ya namna hiyo kinaweza kuwamo kitu chochote. Wazo hilo lilimshukia taratibu, likamjaa kifuani, likampasha moto. Aliamini kabisa kwamba yeye ndiye binadamu wa kwanza kulifikiria.

“Wazee wangu,” alisema, na sauti yake ikashuka na kuwa laini, sauti ile ambayo kwayo watu walimwita Mteremko, “niwieni radhi. Swali lile lilikuwa mtihani.”

“Mtihani?” Daktari aliuliza.

“Mngenijibu kwamba mtaiwasha kesho, ningeliacha vazi hili hapa na kwenda zangu, wala msingenisikia tena.”

“Mtihani wa nani?”

Mteremko alitazama huku na huku, kama mtu anayehakikisha kwamba hata bomba halisikilizi. “Wa kiwanda,” alisema.

Maneno yaliyofuata yalikuwa ya kumtoa nyoka pangoni. Kulikuwa na kiwanda, ng'ambo, ambacho jina lake hakuwa na ruhusa ya kulitaja. Kiwanda hicho kilikuwa kimetengeneza vifaa vichache vilivyoitwa Toleo la Heshima. Vifaa hivyo havikupelekwa madukani, kwa kuwa wanunuzi wa madukani wana tabia ya kufungua maboksi. Badala yake, waungwana wachache walitumwa mitaani, wakiwa na vifurushi vya kisingizio, ili wazitafute kimyakimya nyumba zinazojua thamani ya kifaa. Yeye alikuwa amezunguka miji saba. Hii ilikuwa nyumba ya kwanza.

“Nilihisi,” Mwenyekiti alisema, akiwageukia wenzake. “Alivyokishika tu kile kifurushi, nilihisi.”

“Na bei yake?” Wakili aliuliza.

“Bei, Wakili? Heshima hainunuliwi. Kiwanda kinabadilishana. Mtu hutoa boksi lake la zamani, likiwa na utepe wake, akapewa jipya, nalo lina utepe wake.”

“Na hayo ya zamani mnayapeleka wapi?”

Aliyeuliza alikuwa mke wa Mwenyekiti, mwanamke mpana, mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji na sabuni, aliyekuwa amesimama mlangoni akiwa na sinia la chai. Vikombe vilikuwa vikigongana kidogo.

“Huyachukua kiwanda chenyewe, mama.”

“Kikayafungua?”

Mteremko aliusoma wasiwasi katika uso ule, akauelewa kwa namna yake: huyu mama aliogopa kwamba mali ya mumewe itakwenda kuuzwa vichochoroni. Akamtuliza. “Hayafunguliwi, mama. Hupondwa yakiwa yamefungwa vile vile, ili toleo la zamani lisionekane tena duniani.”

“Hupondwa,” mama alirudia. Vikombe vikatulia. “Yakiwa yamefungwa.” Aliweka sinia mezani, akamtazama mumewe kwa mapenzi ambayo Mwenyekiti hakuwa ameyaona kwa muda mrefu. “Mume wangu, bahati kama hii usiiache ikapita.”

Mteremko aliondoka akiwa amejipongeza mara mbili. Kumwingiza mume mkenge ni kazi ya kawaida; kumwingiza na mke akiwa amesimama na sinia la chai ni kipaji.

Kazi kama hiyo haikosi matayarisho. Yalihitajika maboksi, na maboksi ya heshima hayaokotwi jalalani. Mteremko alikwenda kwa Mchapaji wa mtaa wa pili, mtu mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye umeme ulimkatikia kila alipokaribia kumaliza kazi. Mchapaji alimsikiliza mpaka mwisho bila kutikisika.

“Maneno yako ni mazuri,” alisema. “Nimekwisha kuyasikia kwa watu wengine waliokwisha kuyasikia kwako. Mimi nataka jenereta.”

“Jumamosi ijayo utakuwa nayo, ndani ya boksi lake, haijaguswa.”

“Vizuri. Mpaka hiyo Jumamosi, niachie rehani, kitu ninachoweza kukikalia.”

Katika dunia nzima, kitu kizito pekee kilichokuwa karibu na Mteremko kilikuwa cherehani ya dada yake. Dada alikuwa amelalamika kwamba inakata uzi. Ndugu mwema alijitolea kuipeleka kwa fundi, isafishwe na kutiwa mafuta. Dada alimtazama, sindano ikiwa katikati ya midomo yake, kisha akaitoa.

“Jumatatu ya wiki ijayo naanza kushona sare za shule nzima,” alisema. “Jumatatu ikinikuta sina cherehani, kazi hiyo itakwenda kwa mwingine, na duka hili litaifuata. Umenielewa?”

“Dada, Jumapili itakuwa hapo mezani, inang'aa.”

“Hiyo alishonea mama. Ndiyo iliyokulisha, ikakuvisha, ikakulipia ada ya shule uliyoitoroka.”

Mteremko, ambaye kwa kawaida alikuwa na jibu kabla ya swali, alijikuta akiitazama meza. Miguu ya cherehani ilikuwa imechimba vishimo vinne katika mbao.

“Fundi yule ni bingwa, dada,” alisema, akainyanyua.

Maboksi yalitoka meusi, yenye herufi za rangi ya dhahabu. Ubavuni mwa boksi la jenereta Mteremko aliamuru yaandikwe maneno ya mistari minne: Haitoi moshi. Haitumii mafuta. Haipigi kelele. Haiharibiki.

Mchapaji aliyasoma, akainua miwani yake. “Kuna mashine ya namna hii?”

“Yote niliyoyaandika hapo ni kweli tupu,” Mteremko alijibu, na kwa hilo asingepatikana na hatia hata mbele ya hakimu mkali, kwa kuwa wakati wa kuyatunga alikuwa amelifikiria tofali. Alikuwa na fahari ya dhati. Katika maisha yake yote ya biashara hakuwahi kuuza kitu chenye maelezo sahihi kiasi kile.

Matofali yenyewe hayakuwa mbali. Nyuma ya duka la dada palikuwa na ukuta ulioangushwa na mvua, ambao Mteremko alikuwa ameombwa kuujenga tangu masika. Aliyachukua matofali yake kwa bidii ambayo, kama angeionyesha miezi ile, ukuta ungekuwa umesimama. Aliyafunga moja moja kwa viraka vya mapazia ya mistari ya kijani kutoka katika gunia la mabaki ya dada, ili yasigongane, akayapanga, akayafunga maboksi kwa utepe wa rangi ya dhahabu.

Jumamosi ikafika. Mteremko aliingia kwa Mwenyekiti akiwa amevaa suti, nyuma yake mtu wa mkokoteni akisukuma maboksi matatu meusi yaliyofunikwa shuka jeupe. Wanachama walikuwa wamevaa tai. Maboksi ya zamani yalikuwa yamepangwa barazani, yamevuliwa mavazi yao, na Daktari alikuwa akiipapasa keekee yake kwa huzuni, kama mtu anayesindikiza binti kwa mumewe.

Shuka lilipoondolewa, wote watatu walisogea karibu.

Wakili aliyasoma maandishi mara mbili, akiyafuata kwa kidole, akitafuta mwanya. “Miaka yote hii ya kazi,” alisema hatimaye, “sijapata kuona maelezo yasiyopingika namna hii.”

“Haipigi kelele,” Mwenyekiti alisoma kwa sauti ya chini. Nyuma ya ukuta jenereta ya jirani ilikohoa, na Mwenyekiti akatabasamu kwa huruma. “Na utepe huu?”

“Utepe huu, Mzee, ukikatwa, dhamana hufa papo hapo. Kiwanda hakitamjua tena mwenye boksi.”

“Atakayeukata atakuwa si mwenzetu,” Daktari alisema.

“Niambie jambo moja, kijana wangu.” Mwenyekiti aliweka kiganja juu ya boksi. “Mwaka ujao halitatoka toleo jingine la kulishinda hili? Maana nimekwisha kuumia hivyo. Unanunua leo, kesho mwenzako anakuja na kubwa zaidi.”

Hapa Mteremko angenyamaza angekuwa salama. Lakini msemaji anapoona macho ya wasikilizaji yameanza kulowa, kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kujenga ukuta. Alikohoa, akajinyoosha, akamvika mzee wa watu kilemba cha ukoka kilichokuwa kizito kuliko vyote alivyowahi kufuma.

“Halitatoka, Mzee. Baada ya hili kiwanda kinazima mitambo. Hii ndiyo jenereta ya mwisho mwanamume kuihitaji. Na watu watakuja kukujaribu. Watakuambia, nunua nyingine. Atakayenunua nyingine baada ya hii atakuwa ametangaza mwenyewe kwamba hakuielewa.”

Mwenyekiti alitoa leso, akafuta jicho moja. “Sitanunua nyingine,” alisema. “Mashahidi ninyi hapa.”

Kuhamisha maboksi ya zamani kulikwenda haraka kuliko ilivyotarajiwa, kwa kuwa mke wa Mwenyekiti na mke wa Daktari walitoka jikoni kusaidia. “Shikeni kwa chini,” mke wa Mwenyekiti alimwamuru mtu wa mkokoteni. “Usiliinamishe. Usilitikise. Taratibu, baba, taratibu.” Mteremko aliguswa. Wake wengi, alifikiri, hawathamini vitu vya waume zao.

Mchapaji alikuwa akimsubiri mlangoni. Alilinyanyua boksi la jenereta upande mmoja, akaridhika na uzito wake. “Jenereta ya kweli hujulikana kwa kuvunja kiuno,” alisema, akaukata utepe.

Juu palikuwa na sponji jeupe. Chini ya sponji palikuwa na kitambaa. Mchapaji alikivuta kitambaa, na ndani yake likatoka tofali zuri, jekundu, lililochomwa vizuri. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Hii inatumia petroli au dizeli?” aliuliza.

Mteremko alijitupa kwenye maboksi mengine. Alilipasua boksi la keekee: matofali. La msumeno: matofali, na juu yake jiwe moja bapa la kusawazisha uzito. Alikaa chini sakafuni, na kwa mara ya kwanza maishani alijua wanavyojisikia watu wale ambao kwa desturi yeye huwa amekwisha kuwaaga.

“Wamenidhulumu,” alisema, na uchungu wake haukuwa wa kuigiza. “Watu wazima. Wasomi. Wenye familia zao. Mtu anawaendea kwa moyo mweupe, wanamtendea hivi.”

“Pole,” Mchapaji alisema. “Cherehani yako naikalia.”

Ndipo Mteremko alipokitazama kitambaa alichokuwa amekishika. Kilikuwa cha mistari ya kijani. Aligeuza boksi la jenereta juu chini. Kwa juu utepe ulikuwa wa kiwandani. Kwa chini ulikuwa utepe wa kawaida wa dukani, umebandikwa kwa unadhifu na mkono uliozoea kupanga nguo.

Alipofika dukani kwa dada yake, jua lilikuwa bado halijashuka nyuma ya mapaa. Kwenye benchi la wateja walikuwa wameketi mke wa Mwenyekiti na mke wa Daktari, mikoba ikiwa magotini. Mbele yao, juu ya meza ya kukatia nguo, lilikuwa boksi jeusi lililofunguliwa kwa chini, na matofali yamepangwa safu kama mikate. Dada yake alikuwa amesimama kando, mikono kifuani.

“Huyo anaingia,” mke wa Daktari alisema. “Mwakilishi wa kiwanda.”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba,” mke wa Mwenyekiti aliitikia. “Hiki ni nini?”

“Tofali, mama.”

“Hilo naliona. Nauliza jenereta yangu iko wapi. Nimeliondoa boksi kwa kisingizio cha kulipeleka likapimwe vazi, nimelifungua, wazee bado wanakunywa chai, mnunuzi anasubiri nyuma ya nyumba, nakuta tofali. Mimi, mtu mzima, umenitia aibu mbele ya mteja.”

“Mama, na mimi nimefungua boksi mbele ya mteja.”

“Hayo ni mengine.”

“Ni mengine vipi? Mmenipa matofali.”

“Matofali yetu yalikuwa na nyumba yake,” mke wa Daktari alisema kwa hadhi. “Yalikaa kwa amani, hayakumdhuru mtu. Wewe umetuletea ya kigeni, kwa hila. Vijana wa siku hizi hamna hata haya.”

Mteremko aliupisha uadilifu wa namna hiyo upite. “Lakini utepe,” alisema. “Wazee wanaukagua utepe.”

“Wanaukagua wa juu,” mke wa Mwenyekiti alisema. “Tangu chama kianze, hakuna aliyepata kuinama akatazama chini. Kuinama huwatia kizunguzungu.”

“Na jenereta yenyewe?”

“Si uliisikia ikikohoa pale barazani? Inaendesha mashine zangu za kufulia, nyuma ya ukuta wa uani. Mume wangu hajafika huko tangu tuhamie; anasema panateleza.”

“Keekee imenipa jokofu,” mke wa Daktari aliongeza. “Msumeno wa Wakili utamaliza ada ya mtoto wao wa mwisho. Vingekaa ndani ya maboksi vingetusaidia nini?”

Dada yake Mteremko aliwasogelea. Alilichukua tofali moja mezani, akaligeuza, akapitisha kidole juu ya chokaa iliyoganda ubavuni.

“Hili ni la ukuta wangu,” alisema.

“Dada, nilikuwa nimekusudia—”

“Mavazi ya maboksi yale nimeyashona mimi. Viraka vya kufungia matofali yao wamevichukua katika gunia langu. Siri hii nimeilalia mwaka mzima, na wewe umelala chumba cha pili. Ungeniuliza, mtoto wa mama yangu. Swali moja tu.” Aliliweka tofali chini. “Cherehani yangu iko wapi?”

Mteremko alifungua mdomo. Yule fundi bingwa alikuwa tayari ulimini, pamoja na mafuta maalumu yaliyochelewa njiani na msiba wa shangazi wa fundi. Kisha aliona mkono wa dada yake ukitulia juu ya meza ya cherehani, vidole vikiwa ndani ya vishimo viwili vya miguu ya cherehani, na yote aliyokuwa ameyaandaa yakamkauka.

“Iko kwa Mchapaji, dada. Hataiachia mpaka apate jenereta.”

Dada aliketi. Aliitazama ile meza tupu, kisha akajifuta uso kwa kiganja na kumgeukia mke wa Mwenyekiti kwa upole wa mtu anayempokea mgeni.

“Mama, Jumatatu nikikosa cherehani nitakuwa na nafasi kubwa,” alisema. “Na nimekuwa nikitamani sana kuja Jumamosi moja kukaa na wazee barazani. Niwaeleze habari za mavazi yale: jinsi ninavyopima juu, ninavyopima ubavuni, na ninavyopima chini.”

Mke wa Daktari alikohoa mfano wa jenereta ya jirani.

“Unanitisha, fundi?” mke wa Mwenyekiti aliuliza.

“Nakutembelea, mama. Wateja hutembelewa.”

Wanawake wawili walitazamana. Hakuna aliyepepesa. Mteremko, aliyekuwa amejiona bwana wa kazi hiyo katika mtaa mzima, alielewa kwamba mpaka siku ile alikuwa akicheza mlangoni tu.

“Haya,” mke wa Mwenyekiti alisema mwishowe. “Kesho, mzee akijipumzisha, jenereta itakwenda kwa huyo mchapaji wenu. Lakini nina nguo za hoteli mbili na za hospitali moja. Umeme wa serikali tunaujua ulivyo. Nguo hizo nitazifua kwa kutumia nini?”

Kisha, bila kuambizana, wanawake wote watatu waligeuza macho na kuitazama mikono ya Mteremko. Ilikuwa mikono mizuri, laini, isiyo na hata kovu.

“Mpaka mume wangu anunue jenereta nyingine,” mke wa Mwenyekiti alisema. “Haitakuwa muda mrefu. Mtu yule hawezi kupita duka la vifaa bila kuingia.”

“Mimi nitamshawishi mwenyewe,” Mteremko alisema upesi. “Nipeni Jumamosi moja.”

Jumatatu asubuhi cherehani ilirudi katika vishimo vyake vinne, na sare zikaanza kushonwa. Jumatatu hiyo hiyo, nyuma ya ukuta wa uani, mwanamume aliyekunja suruali mpaka magotini aliingiza mikono katika beseni la kwanza.

Jumamosi alipewa ruhusa. Alikausha mikono, akavaa suti, akazunguka mpaka mbele, akapita geti lililofungwa kwa waya, na kuingia barazani kwa hatua za mwakilishi wa kiwanda. Alizungumza kama hajapata kuzungumza. Alisema kwamba Toleo la Heshima, lilivyo la thamani, huona upweke. Kwamba wataalamu wameshauri liwekewe mwenzake wa kawaida, kutoka duka la kawaida, la karibu, hata leo jioni. Mwenyekiti alimsikiliza akitabasamu, akamaliza chai yake, akakitua kikombe.

“Kijana wangu,” alisema, “nimekwisha kuujua mchezo wako. Huu ni mtihani.”

“Mzee, safari hii si mtihani.”

“Hivyo hivyo ndivyo mtihani unavyosema.” Wenzake walitikisa vichwa kwa kuridhika. “Uliniambia watakuja kunijaribu, sikujua kwamba utakuja mwenyewe. Nenda ukawaambie kiwandani kwamba mimi nimeielewa.”

Jumamosi iliyofuata alijaribu tena, na nyingine tena. Kadiri alivyosihi, ndivyo sifa ya Mwenyekiti ilivyopanda mbele ya wenzake, mpaka kusihi kwa Mteremko kukawa sehemu ya mkutano, baada ya kukagua utepe na kabla ya chai. Siku moja alikaribia kupiga magoti. Wakili alisema kwamba hajaona mtahini mwenye bidii namna hiyo.

Siku hiyo, alipokuwa akiondoka, Mwenyekiti aliinua mkono na wote wakanyamaza. Upepo ulipita. Bomba lilidondosha tone. Nyuma ya ukuta wa uani kulikuwa kimya kabisa.

“Mnasikia?” Mwenyekiti alisema. “Jirani amenyamaza. Niliwaambia bidhaa ile haitafika mbali.” Aliligeukia boksi jeusi mezani pa heshima, akalipapasa kwa upendo. “Sasa sikilizeni yangu.”

Wakasikiliza, wamesimama, wameinamisha vichwa.

Mteremko alizunguka nyumba, akavua koti, akakunja suruali. Mke wa Mwenyekiti alikuwa akimsubiri kando ya beseni, ameshika kitu cha buluu kilichokunjwa vizuri.

“Hili mzee anataka livaliwe Jumamosi ijayo,” alisema. “Ni mahameli. Lifue taratibu, na vishada usivikamue.”